Usilale Chali

Jumanne, 11 Machi

Sista Norah wa kliniki ya lupus amenipa kazi. "Waringa, kifua kikiuma, andika. Saa ngapi, wapi, ulikuwa unafanya nini, kikapoa vipi. Usiniletee tena habari za 'kinaumauma tu'."

Basi naanza kama ninavyowachapia watu hati zao za kiapo pale kibandani, karibu na mahakama ya Makadara: Mimi, Waringa Mureithi, umri miaka thelathini na minne, mkazi wa Kware, orofa ya sita, naapa kwamba yafuatayo ni kweli.

Maumivu yalianza Jumapili. Nilikuwa nimejilaza baada ya kanisa. Katikati ya kifua, kushoto kidogo, makali kama ncha ya kisu. Nikivuta pumzi yanazidi. Yalidumu dakika arobaini.

Niongeze na hili. Nina wiki mbili tu hapa. Nilikuwa Jericho kwa kaka yangu Gachanja, nyumba ya wazazi, uani jua tele. Ila kwa ugonjwa huu wa lupus, jua likinipiga dakika ishirini mashavu yanawaka na vidole vinavimba hadi siwezi kuchapa. Kware nyumba zimesongamana hivi kwamba saa sita mchana nawasha taa. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili, nikinyoosha mkono naugusa. Wenzangu wanalilalamikia giza hili. Mimi nimelifuata.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna maumivu. Maji yamekatika.

Jumatatu, 17 Machi

Kwenye mlango unaotazamana na wangu anaishi mama wa pwani, mrefu, mkavu, anayeuza viazi karai na sambusa pale chini watu wakienda kufuturu. Wanamwita Mama Hikma. Huyo Hikma sijamwona.

Leo nimemkuta ngazini, nikamwamkia. Ameitikia marahaba huku akinitazama, si usoni, kifuani.

"Walala vipi?" akauliza.

"Nalala vizuri, Mama."

"Sikukuuliza kama walala vizuri. Nimekuuliza walala vipi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 19 Machi

Maumivu saa nane mchana, nikiwa nimejilaza. Dakika ishirini. Nimeinuka kufungua dirisha, yakapungua. Labda ni hewa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Kamba zote za nguo zimejaa barazani, nguo zinadondosha maji gizani tone baada ya tone.

Alfajiri nimesikia ndara zikija hadi mlangoni kwangu. Zikasimama. Nilihesabu hadi mia moja na hamsini. Zikaondoka, mlango wa Mama Hikma ukafungwa polepole. Kutoka kwake hadi kwangu ni hatua nne.

Alhamisi, 27 Machi

Ndara tena. Nimehesabu hadi mia mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mama Hikma ameniletea pilau. Sahani ameishika kwa mkono mmoja, akanyoosha mkono wote ili asivuke kizingiti, kama mtu anayempa mnyama chakula. Nikamkaribisha ndani. "La, mwanangu. Humo siingii."

Pilau lilikuwa tamu. Nimelila lote, kisha nikakaa nikijiuliza kwa nini nimelila.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeenda hospitali, si ile ya kliniki yangu, nyingine iliyo karibu. Kifua kiliniuma tangu saa moja asubuhi na sikuweza kungoja tarehe ya Sista Norah. Wakanipima umeme wa moyo. Kijana wa zamu akaikunjua ile karatasi ndefu, akasema moyo wangu ni mzima kuliko wake. "Hiyo ni gesi, madam. Maharagwe punguza." Nimepewa dawa nyeupe ya kunywa. Nilimwambia nina lupus. Akasema, "Lupus ni ya ngozi na viungo, ama?" Nikachukua chupa yangu, nikatoka. Nilikuwa nimechoka kuwa mwalimu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimegundua jambo na silipendi.

Mvua imenyesha siku tano na kuta zinatoa jasho. Miguuni pa kitanda kuna nafasi ndogo kabla ya ukuta wa bafu. Kwenye ukuta huo kuna doa la hudhurungi ukubwa wa kiganja. Wafula, mtunza nyumba, alilipaka rangi kabla sijahamia, lakini unyevu umelirudisha.

Saa tisa mchana kifua kiliniuma vibaya. Nikakaa mwisho wa kitanda, nikainama mbele nikiukumbatia mto, kichwa kikaegemea ukuta. Maumivu yakatulia. Si kidogo. Yakatulia kama yaliyoambiwa. Nilikaa hivyo hadi yakaisha. Nilipoinua kichwa niliona kwamba paji langu la uso lilikuwa juu ya lile doa. Si karibu nalo. Juu yake. Nikaligusa kwa kidole, likateleza. Ni mafuta. Mafuta ya kichwa cha mtu.

Kuna mtu aliyekaa hapa, akainama hapa, siku nyingi, hadi ukuta ukamkumbuka.

Nimeandika kama nilivyoagizwa: kulala huongeza, kuinama mbele hupunguza.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelisugua doa kwa sabuni. Limefifia.

Jumatatu, 14 Aprili

Limerudi. Nami nimerudi kuinama palepale, kwa sababu hakuna pengine panaponituliza.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Alfajiri ndara zimekuja. Nilikuwa nimelala chali, macho wazi, nikivuta pumzi fupifupi kwa sababu ndefu haziendi. Nikasikia sauti chini ya mlango, ya chini sana, kama mtu aliyepiga magoti akaweka mdomo kwenye ule uwazi.

"Kaa, mwanangu. Usilale chali. Kaa."

Nikakaa. Si kwa hiari, mwili ulitii wenyewe. Na maumivu yakapungua.

Nilipopata nguvu za kufungua, barazani hakukuwa na mtu. Sakafuni mbele ya mlango palikuwa na alama mbili za magoti kwenye maji.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemweleza Sally, tunayechapa naye. Amesimamisha kazi kabisa.

"Wari, hiyo nyumba hama. Leo, si kesho."

"Daktari alisema gesi."

"Gesi inaongea chini ya mlango? Mama anasimama kwako kila asubuhi, anajua unavyolala, ukila chakula chake unazidi kuumwa. Hesabu mwenyewe."

Nimehesabu. Kwa alama ninazotia nyuma ya daftari, kabla ya pilau maumivu mara tatu. Baada ya pilau, mara kumi na nne. Ninachapa ushahidi wa watu kila siku, na ningemhukumu mtu kwa hesabu hiyo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua. Maumivu mara mbili.

Jumatatu, 5 Mei

Hospitali ileile, daktari mwingine, mama mtu mzima. Umeme wa moyo safi tena. Aliniuliza naishi na nani. Nikasema peke yangu. Akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema ndiyo, nawaza kwa nini kifua kinauma. Ameandika "wasiwasi" na kunishauri nipumzike, nijilaze mara kwa mara, nifikirie mambo mazuri.

Sikumwambia juu ya ukuta. Angeandika zaidi ya wasiwasi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemshika Wafula kwenye mita za stima.

"Kabla yangu nani alikuwa kwa hiyo nyumba?"

Alijifanya anahesabu mita. "Madam, si ulilipenda hilo giza mwenyewe?"

"Wafula."

"Msichana wa huyu mathe. Hikma." Akashusha sauti. "Alikufa mwaka jana, mwezi wa nane. Humo ndani, mchana. Landlord alisema nisiseme, watu wataogopa. Lakini ilikuwa ugonjwa tu, madam. Hata kazi alikuwa ameacha, mathe akisema ni uvivu."

"Ugonjwa gani?"

"Ulcers, walisema. Kifua kilikuwa kinamsumbua."

Nimepanda ngazi zote sita nikisimama kila orofa, naona mishipa ya shingo ikinidunda. Mlango wa Mama Hikma ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amekaa gizani kwenye kigoda, ametazama mlango wangu. Sikumsalimia. Nimefunga kwa kufuli na kitasa, nikasukuma meza nyuma ya mlango.

Jumanne, 13 Mei

Miguu imevimba. Naongea sentensi moja, napumzika. Sally ameniahidi nyumba ya binamu yake, ila mpaka mwisho wa mwezi.

Ndara hazikosi hata siku moja. Kila alfajiri nazijibu moyoni: sitakufa ili Hikma wako apate mwenzake.

Jumamosi, 24 Mei, wodini

Ninaandika haya siku saba baada ya tukio. Sehemu nilizokuwa sijitambui nimeambiwa.

Jumamosi ile ya tarehe kumi na saba stima ilipotea asubuhi. Saa sita mchana chumba kilikuwa kama ndani ya gunia. Sally alikuja na dada mmoja wa kanisa. Waliomba, wakanihurumia kwa jinsi nilivyojikunja pale ukutani. "Umekaa kama mzee," Sally akasema. "Hata daktari alisema ujilaze. Jilaze, Wari, pumua." Walinilaza vizuri, wakanifunika, wakaweka Biblia kando ya mto. Walikuwa na upendo mtupu. Wakaenda kutafuta teksi ya kunihamishia Jericho.

Mara tu mlango ulipofungwa, kitu kizito kikanikalia kifuani. Nilitaka kuinuka. Mikono ilikuwa baridi, haikuwa yangu. Nilisikia mvua ikienda mbali, kisha nguo za barazani zikidondosha, kisha hata hizo sikuzisikia.

Halafu mlango ukapigwa teke.

Mama Hikma, aliyesema humo haingii, aliingia kwa hatua mbili. Alinikamata mabegani akaniinua kama mtoto. Alipanda kitandani nyuma yangu, akaniinamisha mbele juu ya mto, akanishika hivyo kwa mikono yote miwili huku akipiga kelele ambayo Wafula anasema aliisikia orofa ya chini kabisa.

"Wafula! Wafula! Kiti! Lete kiti!"

Wafula alipofika na blanketi wanibebe nikiwa nimelazwa, Mama Hikma alimfokea. "Nimesema kiti! Huyu halazwi!" Wakanifunga kwa leso kwenye kiti cha plastiki, Wafula na jirani mwingine wakanishusha orofa sita nimekaa, kichwa changu kikiwa kifuani pa Mama Hikma aliyeshuka kinyumenyume mbele yetu, ngazi baada ya ngazi, kwenye lile giza na maji. Yeye ana miaka sitini na mbili. Kwenye teksi ambayo Sally alikuwa amerudi nayo, alinishikilia nimekaa. Hospitalini, safari hii ile ya kliniki yangu, waliposogeza machela, alilikanyaga gurudumu.

"Ham'lazi," akasema. "Nimeshamlaza mmoja."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, Daktari Mwongeli. Hakubishana naye. Alinitazama shingo, akanipima presha mara mbili, akasema leteni mashine ya picha hapa, tutampiga akiwa amekaa. Ndipo akaona maji yamejaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo wangu, mengi, yameubana moyo usipate nafasi ya kutanuka. Walinichoma sindano ndefu chini ya kifua, wakayatoa. Nakumbuka pumzi ya kwanza baada ya hapo. Nilidhani ni ya mtu mwingine.

Jumatatu, 26 Mei, wodini

Daktari Mwongeli amenirudishia daftari hili, aliloliazima jana. Amesoma lote, pamoja na ya pilau na ndara. Niliona aibu.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Sista Norah."

"Ukilala yanazidi, ukivuta pumzi yanazidi, ukiinama mbele yanapoa. Umeandika mara ishirini na tisa." Alikaa kando ya kitanda. "Lupus si ya ngozi na viungo tu. Ni kinga ya mwili wako inayoshambulia mwili wako. Safari hii imeuvimbisha ule mfuko wa moyo. Kuta zake zikisuguana, ndiyo ile ncha ya kisu. Ukiinama, hazisuguani sana. Kipimo cha umeme kinaweza kutoka safi kabisa. Hukuwa na gesi, hukuwa na wasiwasi. Ulikuwa na hiki."

Akaniwekea masikioni mirija ya chombo chake, akakishika kifuani pangu. "Msuguano bado unasikika kidogo. Sikiliza."

Nilisikia moyo, na juu ya kila pigo kitu kingine, kama mtu anayetembea amevaa viatu vipya vya ngozi ndani ya nyumba tupu. Nimeishi na sauti hiyo karibu miezi mitatu bila kuisikia. Niliitoa mirija masikioni haraka.

Ameniongezea dawa za kutuliza uvimbe. Amesema yanaweza kurudi, na yakirudi nisingoje.

Alhamisi, 29 Mei, wodini

Mama Hikma huja kila siku saa ya kuona wagonjwa. Leo nilimwomba radhi.

"Kwa lipi?"

"Nilidhani unaniloga."

"Hata mimi ningedhania." Akakunja leso yake magotini. "Nilikusikia wiki ya pili tu ulipohamia. Zile kuta ni karatasi. Nikasikia mtu anavuta pumzi fupifupi, halafu kitanda kinalia, halafu kimya. Nalijua yuwakaa. Hikma alikuwa hivyohivyo. Nikawa naja kusikiliza kama yu hai."

"Kwa nini hukubisha hodi?"

"Nikwambieje? Kwamba chumba chako mwanangu alifia? Ungehama, nami nisingekusikia tena."

Kisha akanieleza. Hikma alikuwa na miaka ishirini na sita, akisuka nywele hapo mtaa wa Pipeline. Akaanza kuchoka. Viungo, homa, nywele zikakatika. Mama yake akamwita mvivu, akamwita hivyo mbele ya wateja, mbele ya majirani. Zahanati ikasema vidonda vya tumbo. Mwezi wa nane, adhuhuri, alimkuta ameinama kwenye ule ukuta.

"Nikamwambia, binti mzima walala umekaa kama kuku? Nikamshika, nikamlaza chali, nikamnyoosha miguu. Akasema, mama, usinilaze. Nikamwambia, lala kama watu. Nikashuka kuchambua viazi." Akaikunjua leso, akaikunja tena. "Niliporudi alikuwa amelala kama watu."

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Msichana anacheka, ameshika chanuo. Juu ya mashavu yote mawili, kuvuka pua, wekundu ule ninaouona kwenye kioo changu nikipigwa na jua.

"Nalimgombeza kwa hayo mashavu," akasema. "Nalidhani ni mkorogo wa kujichubua."



Jumanne, 3 Juni

Nimetoka. Gachanja alitaka nirudi Jericho. Sally amelia, ameomba msamaha, nimemwambia alinilaza kwa upendo, na daktari ndiye aliyeniandikia nijilaze. Nimerudi Kware. Nalala juu ya mito mitatu.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekwisha, baridi imeingia. Hakuna maumivu.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Baada ya kupimwa nilimwuliza Daktari Mwongeli swali ambalo Mama Hikma hajaniomba nimwulizie, ila hulizunguka kila akija. Nilimweleza ya Hikma yote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Sikumwona, kwa hiyo siwezi kuapa. Hakupimwa, hakufanyiwa uchunguzi. Lakini kwa ulivyonieleza, huenda sana ilikuwa lupus, na huenda ni moyo kama wako."

"Na kule kulazwa?"

"Kulazwa kulimwumiza. Hakukuleta maji. Maji kama yalikuwepo, yalikuwepo wiki nyingi, na yalihitaji sindano, si mto. Mwambie hivyo."

Jumamosi, 14 Juni

Nilichukua siku mbili kupata ujasiri. Leo saa tano asubuhi nilivuka hatua nne, nikabisha hodi. Alikuwa anamenya viazi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia kama nilivyoambiwa, na sikuacha lile neno huenda. Nililisema kila mahali lilipostahili.

Aliweka kisu chini.

"Hebu rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ya maji. Kwamba si mimi n'loyaleta."

"Si wewe, Mama. Hata ungemwacha amekaa, huenda—"

"Na uchovu wake? Kulala hadi saa nne, kuniachia ndoo za maji?"

"Huo ni ugonjwa. Mimi mwenyewe kuna siku siwezi kufunga kifungo."

Alinitazama, safari hii usoni. Macho yake hayakutoa chozi. Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akavaa buibui lake, akatoka akiacha viazi kwenye maji na mlango wazi.

Nilimsikia akibisha mlango wa jirani wa orofa yetu. Ukafunguliwa. "Salaam aleikum. Mwamkumbuka Hikma wangu? Nalisema mbele yenu kuwa ni mvivu. Hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, moyo ulikuwa na maji." Mtu akasema pole. Akaenda mlango wa pili. Akasema maneno yaleyale. Kisha ngazi, orofa ya tano, mlango wa kwanza.

Sauti iliendelea kushuka, ikififia, mlango baada ya mlango, hata milango ya watu waliohamia mwezi jana na ambao hawakumjua kabisa. Orofa ya tatu sikuweza tena kuyashika maneno, ila jina tu. Hikma. Hikma wangu.

Hakusema huenda hata mara moja. Nilisimama juu ya ngazi nimeshika ukuta, mimi niliyeapa kuandika kweli tupu, na sikumfuata kumrekebisha.